Kushuka Malindi

Futi elfu kumi na tano. Galana chini yetu
umelala kama mshipi ulioangushwa na mtu mwenye haraka.
Tuanze? anauliza Wekulo.
Nahesabu kwa vidole, kama mtoto aliyetumwa dukani:
kila futi elfu, maili tatu.
Maili arobaini na tano, na nyingine nne za akiba,
maana upepo leo unatusukuma mgongoni.
Bado, namwambia.
Bado.
Sasa.

Narudisha wenzo nyuma, wala siukwapui;
nauvuta kama anayemvua viatu mtoto aliyelala.
Injini zinateremsha sauti, na najua huko nyuma
kuna abiria ameinua macho kwenye gazeti.
Hazijazimika, ndugu.
Mafuta tuliyalipa tukipanda;
kushuka ni chenji.

Baba yuko safu ya tatu, dirishani,
jicho la kushoto limefungwa bandeji ya hospitali,
la kulia linafanya kazi ya mawili.
Miaka ishirini na sita alivuta mkokoteni wa maji
kutoka Kisumu Ndogo hadi Shela:
madumu ishirini, lita ishirini kila dumu,
piga hesabu mwenyewe.
Mimi nilitembea nyuma, kazi yangu kupiga kelele gari likija.
"Kupandisha ni kifua," alisema, "kushusha ni akili."
Penye mteremko, kabla magurudumu hayajajua,
alikwisha kuegemea nyuma,
kipande cha tairi kitakoni mwa mkokoteni
kikikwaruza lami, kikinuka.
Anayengoja mzigo ukimbie ndipo auzuie
huuzuia kwa meno.

Shule ya pili ilikuwa na ada.
Kapteni Nderitu aligonga kioo kwa kalamu:
pua kwa mwendo,
nguvu kwa kimo,
usiifukuze sindano,
itakuja.

Futi elfu nne, Langobaya mkono wa kulia, saa saba mchana.
Ardhi imekaangika. Joto linapanda kutoka mashamba yaliyofyekwa
na upepo wa bahari unaingia chini yake bila hodi.
Mbele kuna kiwingu kimoja, cheupe, chenye sura ya upole.
Mimi nawajua hao.
Mwendo tumeshaupunguza, mwendo wa njia mbovu,
mikanda imefungwa, Nyevu amekwisha kukaa.

Kisha ngazi inakosa kidato.
Mkono wa Wekulo unakimbilia wenzo. Uache, namwambia.
Kimo kinapanda futi mia, kinaanguka mia na hamsini,
na mimi sikifuati. Nashika usukani kwa vidole vitatu,
nalinda pua tu, ikae pale upeo ulipo.
Bawa linapinda. Lipinde; lililokataa kupinda lilivunjika
zamani, kwenye meza ya mhandisi.

Nyevu alinisimulia baadaye:
mmoja alisoma Ayatul Kursi, mwingine alicheka peke yake,
chupa ya maji ilibingirika hadi mlangoni.
Na baba hakushika kiti.
Mguu wake wa kulia ulinyooka chini ya kiti cha mbele,
kisigino kimechimbia zulia,
akizuia.

Baharini hewa ikatulia ghafla, kama ugomvi mgeni akiingia.
Sabaki ulikuwa umetoa ulimi wake mwekundu majini.
Tukageuka. Magurudumu: taa tatu za kijani.
Nguvu kidogo, kiasi cha chumvi ya kuongezea mchuzi,
minazi, paa za mabati, bodaboda mmoja amesimama kututazama,
nikaachia yote.

Akashuka ngazi akipapasa, akakataa mkono wangu.
Akaenda moja kwa moja penye gurudumu,
akainama, akavuta pumzi puani.
"Linanuka vilevile," akasema.
Kisha, akiitazama ndege kutoka mkiani mpaka puani kwa jicho moja:
"Na hii, Jumwa, inabeba madumu mangapi?"

Sijamjibu. Bado napiga hesabu.